Kizingiti Kirefu na Kigoda Kibovu

Leo nataka tuzungumze habari ya kitu kidogo ambacho kila nyumba inacho, na ambacho hakuna anayekifikiri mpaka siku ya machozi. Ni kile tunachokanyaga ili kufika juu: kigoda cha jikoni, ngazi fupi ya kubadilishia taa, na vipandio vya mbele ya mlango. Wengine watacheka na kusema: «Je, leo habari zimekwisha?» Wacheke tu, ila wasome mpaka mwisho.

Katika mtaa wetu hapa Bukavu, kwenye mteremko wa Kadutu, anakaa mama mmoja mkongwe pamoja na mwanawe, mke wa mwanawe na wajukuu. Nyumba yao, kama nyingine nyingi za mji huu, imesimama ubavuni mwa kilima. Ilipojengwa, kizingiti cha mlango kilikuwa chini, mtu akikivuka kwa hatua moja. Lakini mvua za miaka mingi zimeuchukua udongo wa uani kidogo kidogo na kuupeleka bondeni. Nyumba haikupanda; ardhi ndiyo iliyoshuka. Mwisho kizingiti kikawa sentimeta 45 kutoka chini, yaani karibu na goti la mtu mzima. Vijana walikiruka bila kukiona. Na kwa kuwa nyumba ni ya kupanga, baba hakutaka kujenga ngazi ya mawe kwa fedha yake mwenyewe.

Basi, yule mama mkongwe akaanza kukaa ndani. Hakuonekana tena kwenye jua la asubuhi pamoja na wenzake, wala kwa jirani, wala kanisani. Watu wakasema: «Uzee umemfika.» Siku moja mke wa mwanawe akamwuliza kwa upole:

«Mama, mbona siku hizi hutoki? Waumwa?»

«Siumwi, mwanangu. Lakini nikisimama pale mlangoni naona kama nimesimama ukingoni mwa shimo. Naona haya kumwita mtu anishike mkono kila nitakapo kwenda nje.»

Mjukuu wake, mtoto wa miaka minane, aliyasikia maneno hayo. Kesho yake wakubwa walikuwa wamekwenda kazini. Mtoto akachukua ndoo ya plastiki, akaigeuza kichwa chini, akaiweka mbele ya mlango. «Koko, kanyaga hapa, nimekutengenezea ngazi.» Bibi akafurahi, akakanyaga. Ndoo ikateleza. Akaanguka chini, akajikinga kwa mkono wa kushoto, na mfupa wa kifundo cha mkono ukavunjika. Alikaa na plasta majuma sita. Lakini aliyeumia zaidi, nadhani, ni yule mtoto, maana kwa siku nyingi alikataa kula pamoja na bibi yake, akisema: «Ni mimi niliyemwangusha.»

Hapana, mwanangu, si wewe. Wewe peke yako uliona kwamba bibi anahitaji daraja la kukanyaga. Sisi wakubwa tulipita mlango uleule kila siku na hatukuona kitu.

Msidhani kwamba jambo hili ni la nyumba moja. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2021 kwamba watu wapatao 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu ya kuanguka, na kwamba zaidi ya 80 katika kila 100 ni wa nchi zenye mapato madogo au ya kadiri, kama nchi yetu. Wazee waliopita miaka 60 ndio wanaokufa kwa wingi zaidi. Wengine hawafi, bali huvunjika nyonga, na baada ya hapo hawatembei tena kama zamani. Tena yuko mama mwenye mimba, ambaye haoni vizuri miguu yake. Yuko mwenye kubeba ndoo ya maji kichwani. Yuko mtoto anayejifunza kutembea. Wote hao hupita mlango mmoja.

Haya, sasa tutazame namna ya kuchagua. Nitavigawa vyombo hivi kwa aina tatu.

Aina ya kwanza: kigoda cha kukanyagia

Hiki ni kile cha daraja moja, cha kufikia rafu ya jikoni au kupandia kitanda kirefu. Kigoda cha kukalia si lazima kiwe kigoda cha kukanyagia. Anayekaa huweka uzito wake katikati. Anayesimama huuhamisha kila anaponyosha mkono. Kwa hiyo kigoda chema cha kukanyagia huwa na miguu iliyopanuka kwenda nje, hata nafasi ya chini iwe kubwa kuliko ubao wa juu. Kama miguu imeingia ndani ya ukingo wa ubao, ukikanyaga ukingoni kitapinduka.

Hapa ndipo ulipo mtihani wa sokoni, ambao hauhitaji shule. Weka kigoda mahali tambarare. Shika ukuta au bega la mwenzako, kisha kanyaga kwa nguvu kila pembe ya ubao, moja baada ya nyingine. Mguu wa upande wa pili ukiinuka hata kidogo, mrudishie fundi kigoda chake kwa heshima, ukamwambie apanue miguu. Kisha kishike kwa mikono miwili ukitikise. Kikilia, maungio yamelegea. Tazama pia kama miguu imefungwa kwa mbao za kukingama. Miguu isiyofungwa hupanuka siku moja kwa ghafula, na siku hiyo hupigi hodi.

Wengine huuliza: miguu mitatu au minne? Wanafunzi wanaosoma hesabu watajibu vizuri. Nukta tatu daima hulala juu ya uso mmoja, kwa hiyo kigoda cha miguu mitatu hakitikisiki hata juu ya ardhi yenye mabonde. Ndiyo sababu wazee wetu walikipenda kwa kukalia. Lakini kwa kusimama kina hatari: kati ya mguu na mguu pana nafasi kubwa isiyo na kitu, na ukiegemea upande huo kitakuangusha upesi. Basi cha kukalia kiwe cha miguu mitatu ukipenda; cha kukanyagia kiwe cha minne.

Na plastiki? Kiti cha plastiki ni cha kukalia tu. Jua hukausha plastiki mpaka ikawa kama ganda la yai. Kwa macho ni nzima, kwa mguu ni mbovu. Ndoo, bidoni, kasha la chupa na tofali lililosimamishwa si vigoda. Nisirudie habari ya ndoo, mmekwisha kuisikia.

Aina ya pili: ngazi fupi ya kukunja

Hii ni ile ya vidato viwili au vitatu, ya chuma au alumini, ambayo hufunguliwa na kukunjwa kwa bawaba. Inafaa kwa kubadilisha taa, kutundika pazia, kupaka chokaa ukutani. Ukienda kuinunua, tazama mambo manne.

Kwanza, iwe na kizuizi kinachoizuia isijikunje wakati mtu yumo juu yake, na kizuizi hicho kiingie mahali pake bila kusukumwa kwa nyundo. Pili, vidato viwe vipana vya kutosha mguu, tena viwe na mikwaruzo au mpira usioteleza. Kidato chembamba kama fimbo huchosha unyayo, na mguu uliochoka hutetemeka. Tatu, kila mguu wa ngazi uwe na kofia ya mpira. Ikikosekana hata moja, usiinunue, au ukate kipande cha mpira wa gurudumu la gari ukifunge vizuri. Nne, soma bandiko la uzito. Ngazi nyingi zinazotoka Ulaya zimeandikwa kilo 150, maana ndiyo kadiri ya kanuni yao. Kumbuka kwamba uzito huo ni wa mtu pamoja na nguo, vyombo na ndoo ya rangi aliyoshika. Isiyo na bandiko lolote, ipimeni kwa mtihani ule wa pembe, tena msiipandishe mtu mzito.

Ukiwa juu, kitovu chako kisitoke nje ya miti miwili ya ngazi. Maneno hayo ni mafupi, lakini yanatosha kuokoa mbavu. Mtu hutaka kufikia msumari ulio mbali kidogo. Badala ya kushuka na kuisogeza ngazi, hujinyosha, na kitovu hutoka nje. Kushuka na kusogeza kunachukua muda mfupi tu. Mfupa uliovunjika unataka miezi.

Aina ya tatu: vipandio vya mlangoni

Sasa tumefika penye shauri la yule mama. Vipandio vya kuhamishika ni kama sanduku la ngazi, lenye daraja moja, mbili au tatu, ambalo huwekwa mbele ya mlango na linaweza kuondolewa. Kwa nini la kuhamishika? Kwa sababu tatu. Mwenye kupanga nyumba hulichukua akihama. Usiku huingizwa ndani, lisiwe kuni za mtu mwingine. Na ardhi ikiliwa tena na mvua, hulisogeza na kulitengeneza bila kubomoa saruji. Ndugu zetu wa Goma watanielewa zaidi. Pale ambapo moto wa Nyiragongo ulipita tarehe 17 Januari 2002, watu walijenga upya nyumba za mbao juu ya mawe meusi ya volkano, na kuyachonga mawe hayo yawe ngazi si kazi ya siku moja.

Je, daraja moja liwe na kimo gani? Mwaka 1675 Mfaransa mmoja mwalimu wa ujenzi, jina lake François Blondel, aliandika kanuni ambayo mafundi wanaitumia mpaka leo. Alifikiri hivi: mtu akitembea mahali tambarare, hatua yake ina urefu fulani. Akipanda, kila kimo anachoinua mguu humgharimu mara mbili ya urefu anaokwenda mbele. Kwa hiyo chukua kimo cha daraja mara mbili, ongeza upana wa mahali pa kukanyaga, na jumla iwe sawa na hatua moja. Siku hizi mafundi huchukua hesabu ya sentimeta 63 au karibu na hapo.

Wanafunzi, chukueni kalamu. Kizingiti cha yule mama kina sentimeta 45. Tukigawa kwa 3, kila kimo ni sentimeta 15. Mara mbili ni 30. Toa 30 katika 63, itabaki 33. Basi vipandio vyake vitakuwa na daraja mbili, la kwanza kimo cha sentimeta 15, la pili 30, na upandaji wa tatu ni kizingiti chenyewe. Kila mahali pa kukanyaga patakuwa na sentimeta 33, mguu mzima utulie pamoja na ncha ya mkongojo. Kimo cha 15 kinawafaa wazee. Vijana wanaweza 17 au 18, lakini anayejenga ngazi ya nyumba huijenga kwa ajili ya aliye dhaifu kuliko wote.

Jambo kuu ni hili: vimo vyote viwe sawasawa. Mguu hujifunza kimo cha daraja la kwanza, nao huamini kwamba la pili ni kama hilo. Likizidi au likipungua kwa sentimeta mbili tu, ncha ya mguu hugonga au kisigino hukosa. Ndiyo sababu mawe matatu yaliyopangwa ovyo mbele ya mlango ni mtego, hata kama kila jiwe peke yake ni imara.

Mambo mengine ya kumwagiza seremala ni haya:

Upana kutoka kushoto hata kulia usipungue sentimeta 60. Ukifika 80 ni vizuri zaidi, mtu apate kushikwa mkono na mwenzake.

Mbao ziwe zimekauka. Mkaratusi mbichi hupinda na kupasuka unapokauka, na misumari hulegea. Ni afadhali kungoja kuliko kununua mara mbili. Tena skrubu hushika kuliko msumari.

Kati ya ubao na ubao iachwe nafasi ndogo kama ya sentimeta moja, maji ya mvua yapate kupita. Maji yakikaa huzaa ukoga, na ukoga huteleza kama sabuni. Juu ya rangi ambayo haijakauka, nyunyiza mchanga mwembamba, nayo itashika unyayo.

Ukingo wa kila daraja upakwe mstari mweupe. Macho ya mzee hayatofautishi ubao wa kahawia na udongo wa kahawia, hasa jioni, na hasa umeme ukiwa umekatika.

Sanduku lifungwe kwenye kizingiti kwa ndoano na pete, moja kila upande, lisirudi nyuma mtu anapokanyaga. Chini liwekwe juu ya mawe mapana yaliyolazwa sawasawa, ili mchwa na maji visile miguu yake.

Uwepo mti wa kushika, kimo cha sentimeta 90 hivi. Kama ni mmoja tu, uwekwe upande wa mkono wenye nguvu wakati wa kushuka, maana kushuka kuna hatari kuliko kupanda. Mama yetu alivunjika mkono wa kushoto. Mti wake umewekwa kulia kwa mwenye kushuka.

Mwisho, tazama mlango unafunguka upande gani. Ukifunguka kwa nje, daraja la juu lazima liwe pana kuliko ubao wa mlango, mtu asilazimike kurudi nyuma hewani anapouvuta. Ukifunguka kwa ndani, shida hiyo haipo.

Mtu ataniuliza: «Na mwenye kutembea kwa kiti cha magurudumu?» Kwake ngazi haifai, anahitaji njia ya mteremko. Kanuni ni kwamba kila sentimeta 1 ya kimo itake sentimeta 12 za urefu. Kwa kizingiti cha sentimeta 45, njia itakuwa meta 5 na sentimeta 40. Katika nyua zetu nyembamba si rahisi, lakini yaweza kupita kando ya ukuta na kukata kona. Msimfanyie njia fupi yenye mteremko mkali mkidhani mmemsaidia, ataanguka kinyumenyume.

Namna ya kupanda na kushuka

Chombo kizuri bila desturi nzuri hakitoshi. Mwenye mguu mmoja unaouma akumbuke: kupanda, mguu mzima hutangulia, kushuka, mguu mgonjwa hutangulia pamoja na mkongojo. Hivyo mguu wenye nguvu ndio unaobeba mwili kila mara. Wafundisheni wazee wenu jambo hili polepole, mkisimama chini yao wakati wa kushuka, wala si nyuma yao.

Asipande mtu na sandali zilizokatika, wala na kitenge kinachoburura chini. Asibebe mzigo kwa mikono yote miwili. Mkono mmoja ni wa mti wa kushika. Watoto wasichezee ngazi. Na mtu akianguka kutoka juu, akalalamika shingo au mgongo, msimwinue kwa haraka kwa sababu ya huruma. Mwacheni alale alipo, mfunikeni, mkaite mganga. Huruma isiyo na maarifa yaweza kumlemaza.

Nimalize habari niliyoianza. Baba wa nyumba ile alipata mbao kwa seremala wa karibu, na yule mtoto wa miaka minane ndiye aliyeshika rula. Alipima kizingiti, akaandika 45 kwa chaki mlangoni, akagawa kwa 3 mbele ya fundi. Siku vipandio vilipowekwa, alikanyaga yeye kwanza, pembe zote nne, kisha akamwita bibi yake. Bibi akatazama mstari mweupe, akashika mti, akashuka. Hakusema neno. Alikwenda mpaka pale jua linapopiga asubuhi, akaketi, akamwita mjukuu akae karibu naye. Siku hiyo wakala pamoja.

Basi, wasomaji wapenzi, leo jioni msimame mlangoni mwenu na rula mkononi. Pimeni kimo cha kizingiti. Kisha tazameni ni nani katika nyumba yenu ambaye hatoki tena siku hizi, nanyi mkadhani kwamba ni uzee tu. Mwulizeni. Yawezekana anangoja sentimeta 15 za ubao.

Kwa herini, hata juma lijalo.